Tusisubiri mtumbwi upinduke ndipo tutafute waokoaji Ziwa Nyasa

Tangu lami ikamilike kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, ziwa limesogea karibu. Zile kilomita 66 hivi za milima na kona, ambazo masika ziliweza kula siku nzima, sasa mtu anazimaliza kabla chai aliyoifungasha kwenye chupa haijapoa. Matokeo yake yanaonekana Krismasi, Pasaka na Idd. Noah na Costa zinashusha familia kutoka Mbinga na Songea, watoto wanavua viatu kabla gari halijasimama vizuri, na baba anaanza kutafuta mwenye boti wa kuwazungusha "kidogo tu".

Wengi wa wageni hao wamekulia juu, kwenye kahawa na mashamba ya ngoro. Maji mengi waliyowahi kuyakaribia ni ya bwawa la samaki nyuma ya nyumba. Kuogelea hawajui. Na usidhani kila mwenyeji wa ufukweni anajua. Kupiga kasia na kuogelea ni stadi mbili tofauti, na wapo watu wenye mvi ambao wameshika kasia tangu utotoni lakini wakianguka majini hawana la kufanya.

Sasa mzazi mwenzangu, tujiulize jambo moja. Boti hiyo ya "kidogo tu" ikipinduka mita 200 kutoka mchangani, nani anakuja?

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ipigwe mapema, bila kusubiri kwanza kuona kama mambo yatatulia. Lakini mwili wa binadamu una hesabu yake. Ubongo usiopata oksijeni huanza kuumia baada ya dakika nne hadi sita. Hakuna gari, hata kwenye lami mpya, litakalotoka mjini na kufika ufukweni ndani ya dakika hizo. Atakayekuja ni mtu aliyekuwa pale tayari: mvuvi anayeshona nyavu, mama anayeanika dagaa, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria chini ya mwembe.

Waokoaji tunao, kwa hiyo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaandikisha, kuwafundisha na kuwapa kamba.

Waliofika kwanza Bukoba na Ukara

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba ikiwa na watu 43. Watu 19 walifariki na 24 waliokoka. Miongoni mwa waliofika mwanzo kabisa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na jina lililobaki midomoni mwa Watanzania ni la kijana mvuvi Majaliwa Jackson. Alipongezwa, akakabidhiwa shilingi milioni 1, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza achukuliwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Wengi tulifurahi. Lakini tazama mpangilio wa matukio: ajali kwanza, uandikishaji baadaye. Kijana aliingia kwenye maji yenye ndege inayozama akiwa na ujasiri wake tu, akaumia, akaishia hospitali. Mafunzo na sare vilikuja baada ya mazishi.

Miaka minne kabla yake, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati ya Bwisya, kisiwani Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101 na kilibeba zaidi ya mara mbili yake. Watu zaidi ya 220 walikufa wakiwa karibu kabisa na nchi kavu. Hapo pia mitumbwi ya wananchi ndiyo iliyotangulia, na giza lilipoingia kazi ya uokoaji ikasitishwa hadi asubuhi.

Ziwa letu nalo si la kuchezewa. Kina chake kinazidi mita 700, na maji yake yanaenda kaskazini na kusini kwa zaidi ya kilomita 550. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki, ule ambao wenzetu wa Malawi huuita mwera, unapata uwanja mrefu wa kusukuma maji, na wimbi linalofika Liuli au Lituhi limeanza safari yake mbali sana. Julai 1946 meli ya Vipya ilipinduka upande wa ng'ambo katika msimu huohuo wa upepo, na watu 145 wakafa. Ikiwa meli ilishindwa, mtumbwi wa mti mmoja una haki gani ya kujiamini?

Nani aandikishwe

Ukitaja kikosi cha kujitolea cha uokoaji, picha inayokuja ni ya vijana sita wenye vifua vipana. Waje, wanahitajika. Ila kikosi cha namna hiyo pekee hakitasaidia sana, kwa sababu mchana vijana hao wamelala baada ya kuvua usiku kucha, na mchana ndio watoto wako majini.

Uingereza na Ayalandi wana shirika la boti za uokoaji, RNLI, lililoanzishwa mwaka 1824. Wengi wa wanaotoka na boti zake ni watu wa kujitolea. Zamani walikuwa wavuvi na mabaharia watupu. Leo, kwa maelezo ya shirika lenyewe, ni mmoja tu kati ya kumi anayejiunga akiwa na kazi ya majini. Waliobaki ni walimu, wenye maduka, mafundi, watu waliofundishwa kuanzia sifuri. RNLI hiyohiyo imekuwa ikifanya kazi na shirika la EMEDO la Mwanza kupunguza vifo vya maji katika jamii za wavuvi wa Ziwa Victoria, kwa hiyo si habari za Ulaya tu.

Kwa mwambao wetu, mahali pa kuanzia ni BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vilivyopo kwenye mialo. BMU ina viongozi waliochaguliwa, inawajua wenye vyombo, na watu wamezoea kuitwa nayo kikao. Kuunda chama kingine pembeni, chenye mwenyekiti wake na muhuri wake, ni kutafuta ugomvi.

Lakini orodha isiishie kwa wavuvi. Mimi ningeanza na akina mama wanaoanika dagaa na kuosha vyombo ufukweni, kwa sababu wao ndio wanaokaa pale saa nyingi zaidi macho yakiwa wazi. Kisha wauza chipsi na wenye nyumba za wageni. Walimu wa shule zilizo karibu na maji. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari wanaijua kila kaya yenye mtoto mchanga. Bodaboda, maana mtoto akishatolewa majini anahitaji usafiri wa kwenda hospitali, na dereva anayejua kwamba mtoto huyo habebwi akiwa amening'inizwa kichwa chini ni hazina.

Wanawake wataambiwa hili ni jambo la wanaume. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, waliambiwa hivyohivyo kuhusu wasichana na kuogelea. Mradi wa Panje ukawafundisha kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kujisitiri, na baadhi yao wakawa walimu wa wenzao.

Wako pia ambao wasitumwe majini, na hili liulizwe kwa upole na kwa faragha siku ya kujiandikisha. Mtu mwenye kifafa yuko kwenye hatari kubwa ya kufa maji kuliko wengine, kwani kifafa kikimshika kwenye maji hata yanayofika kiunoni yanatosha kumuua. Asifukuzwe. Apewe kazi ya nchi kavu: kupiga simu, kushika orodha ya waliotoka na boti, kuita watu kwa filimbi. Aliyekunywa pombe naye siku hiyo abaki mchangani, awe kiongozi au asiwe. Aliye chini ya miaka 18 afundishwe, ila asitumwe kwenye wimbi.

Mfa maji hapigi kelele

Tunasema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla ni kweli, na ndiyo maana ni hatari kumfuata mikono mitupu: atakukumbatia shingoni mzame wote wawili. Kwa mtoto, methali hiyo inatudanganya. Mtoto anayezama mara nyingi hutulia. Kichwa kinaegemea nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inasukuma pembeni kama anayepanda ngazi isiyokuwepo. Hapungi mkono wala haiti mama, kwa sababu pumzi yote anaitafutia uhai. Hali hiyo yaweza isifike hata dakika moja kabla hajapotea chini. Mama aliyesimama hatua kumi anaweza kudhani anacheza.

Kwa hiyo somo la kwanza la kikosi ni kutazama. La pili ni kutoruka. Mwokoaji anaanza na sauti, kisha kitu kirefu (kasia, mti, kanga iliyosokotwa), kisha kitu cha kurusha. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri na kuwekewa kamba ni boya zuri, na kila nyumba inalo. Mtumbwi unafuata hapo, ukiwa na watu wawili: mmoja wa kuuongoza, mmoja wa kuvuta. Anayevutwa apandishwe kwa tezi, yaani nyuma ya chombo, injini ikiwa imezimwa. Ukimpandisha ubavuni mtumbwi utalala na mtakuwa wafa maji watatu. Kuogelea kumfuata mtu ni la mwisho kabisa, kwa aliyefundishwa tu, na akiwa na kitu kinachoelea mkononi.

Kisha kuna kile kinachotokea mchangani, na hapa ndipo naomba mnisome taratibu, kwa sababu wapo watoto wanaotolewa majini wakiwa na nafasi ya kupona halafu tunaipoteza nafasi hiyo kwa nia njema. Kumshika mtoto miguu na kumning'iniza hakutoi maji kwenye mapafu. Kumkandamiza tumbo kunaleta matapishi, na matapishi yanaingia kwenye njia ya hewa. Kumlaza kwenye pipa na kumbingirisha ni kupoteza dakika.

Mlaze chali mahali pagumu. Kama haamki na hapumui, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi tano ukiangalia kifua kinapanda. Aliyekufa maji amekosa hewa kwanza, ndiyo maana tunaanza na pumzi. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, haraka, kama mara mbili kwa sekunde moja, na upulize pumzi mbili. Endelea hivyo bila kusimama hadi apumue au mtaalamu apokee. Kwa mtoto mkono mmoja unatosha, kwa mchanga ni vidole gumba viwili huku mikono ikikizunguka kifua. Akirudiwa na fahamu, mlaze ubavu, mvue nguo zenye maji, mfunike, na apelekwe kituo cha afya hata kama anaomba soda. Kikohozi na kuhema haraka vinaweza kuja saa kadhaa baadaye.

Kusoma hivi kwenye simu hakumfanyi mtu kuwa mwokoaji. Mikono lazima ifanye. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania wana watu wa kufundisha, na barua ya kuwaomba ikitoka BMU kupitia ofisi ya kijiji ina uzito kuliko simu ya mtu mmoja.

Swali la posho

Tuseme ukweli. Ukiita kikao cha kikundi kipya katika kijiji chochote cha nchi hii, swali la kwanza litakuwa posho, la pili litakuwa mkopo. Watu si wabaya. Wamezoea kuandikwa majina kwenye daftari na kusikia fedha zinakuja. Aliyekuja kwa matumaini hayo ataondoka mwezi wa tatu, tena kwa hasira, na ataondoka na wengine.

Ni bora mwitaji aseme mapema, kabla hata ya sala ya kufungua kikao: hapa hakuna posho. Halafu aseme kilichopo. Kuna mafunzo ambayo utayatumia hata kwa mtoto wako aliyetumbukia kwenye kisima. Kuna kamba, na jaketi okozi litakalokaa kwenu. Na kuna makubaliano kwamba atakayetoka usiku kutafuta waliopotea hatanunua petroli kwa fedha yake.

Hilo la mwisho ndilo linaloamua kama kikosi kitaishi. Kujitolea ni muda na nguvu. Tukimwongezea mtu na gharama ya mafuta, tumemwadhibu kwa wema wake. Vijiji vyetu vinajua kuchangiana. Kama tunaweza kuchanga kwa ajili ya msiba, kila chombo kinaweza kutoa kiasi kidogo kila kikirudi na dagaa wengi, fedha ikakaa kwa mtunza hazina wa VICOBA ambaye watu wanamwamini. Kiasi chenyewe wakubaliane wao.

Na kuna ruhusa ya nyumbani, jambo ambalo vikao vya wanaume hulisahau. Kazi hii inaua. Desemba 19, 1981, boti ya uokoaji ya kijiji cha Mousehole, Uingereza, ilipotea kwenye dhoruba na wanakijiji wanane wa kujitolea ndani yake, wakijaribu kuokoa watu wa meli. Siku iliyofuata walijitokeza wengine wa kutosha kuunda kikosi kipya. Watu husimulia kisa hicho kwa ajili ya ushujaa wa hao waliojitokeza. Mimi hufikiria zaidi walichoambizana usiku ule jikoni, mume na mke, kabla jina halijaandikwa. Mazungumzo hayo yafanyike na kwetu. Mke au mume wa mwokoaji ajue sheria ya kikosi: hakuna kutoka bila jaketi, hakuna kutoka peke yako, na kiongozi akisema wimbi limezidi, hakuna anayeitwa mwoga. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, na redio ya kijijini inazisoma. Mtu mmoja wa kikosi apewe kazi ya kusikiliza kila siku na kuwatangazia wenzake.

Wewe unayekuja kutembea

Mgeni naye ana sehemu yake. Kabla hujalipa nauli ya boti, hesabu majaketi, kisha hesabu vichwa. Mtoto avae jaketi la mtoto; la mtu mzima litampanda hadi masikioni na kumvuka akianguka. Livaliwe na kufungwa, lisikaliwe kama mto. Nahodha akikuambia hakuna haja maana ni karibu, mkumbushe Bwisya. Vyombo vinavyobeba abiria viko chini ya ukaguzi wa TASAC, na kuuliza kama chombo kimekaguliwa si dharau kwa mwenyeji wako.

Ukiwa mchangani, mtoto wa chini ya miaka mitano awe ndani ya urefu wa mkono wako, na simu ikae mfukoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa wa umri huo. Wengi wa wadogo hao hawafii katikati ya ziwa. Ni kisima kisichofunikwa, ndoo, shimo la tofali lililojaa mvua. Kule Mbinga ongeza bwawa la samaki na tangi la kuoshea kahawa. Kwa hiyo hata mzazi ambaye hana mpango wa kuliona ziwa ana sababu ya kujifunza zile pumzi tano.

Siku ya kuwaita

Wapo waliowahi kuitisha mafunzo mwaloni wakakuta viti vitupu, wakasema watu wa ziwa hawana mwamko. Pengine hawakutazama angani. Dagaa wa Nyasa huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mchanga au haupo, wavuvi wako majini usiku kucha na mchana ni wa kulala na kutengeneza nyavu. Mwezi ukijaa, mwanga wa taa hauwavuti tena dagaa, vyombo vinapandishwa mchangani, na kwa siku kadhaa vijana wanakaa wakicheza bao na kutafuta la kufanya.

Siku hizo ndizo za kuwaita. Jumamosi mchana, baada ya soko na kabla ya mpira. Kila anayekuja abebe dumu moja lenye kifuniko, kamba ya mita 15 na mto wa kulalia wa kujifunzia kukandamiza kifua. Anayekuja na mke au mume wake aandikwe wa kwanza.